Ngoma ya Mipindo Mitatu

Somo la Odissi, ngoma ya jadi ya jimbo la Odisha nchini India, huanza kwa kuomba radhi. Mwanafunzi husimama pekupeku, viganja vimekutana kifuani, kisha huchuchumaa na kuigusa sakafu kwa ncha za vidole, halafu huvipeleka vidole hivyo machoni. Anachokiombea radhi bado hajakitenda. Kwa saa nzima au zaidi ataikanyaga ardhi kwa nguvu, na ardhi ni mama, haikanyagwi hivi hivi. Kitendo hicho huitwa bhumi pranam. Hufanywa kabla ya somo na baada yake, na mwalimu aliyezeekea kazini huinama sawa na mtoto aliyeandikishwa juzi.

Kisha huja chauka. Miguu hupanuliwa, visigino vikaachana kiasi cha unyayo mmoja na nusu hivi, vidole vikatazama nje. Magoti hukunjwa na kufunguliwa pembeni mpaka yawe juu ya vidole vya miguu. Mikono huinuliwa usawa wa mabega, viwiko vikakunjwa kwa pembe mraba. Uzito hugawanywa sawasawa kati ya miguu yote miwili. Ukisimama mbele ya mchezaji unaona mraba mtupu, na mraba huo una asili yake. Jagannath, mungu anayeabudiwa katika hekalu kubwa la Puri, kwenye pwani ya mashariki ya India, huchongwa kwa gogo la mti: mwili mpana, mikono mifupi iliyoelekezwa mbele, macho makubwa ya duara. Mchezaji huanza kazi yake kwa kuvaa umbo la gogo hilo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hapa kuinama ni kosa. Unashuka mgongo ukiwa wima, makalio hayatoki nyuma, kifua hakianguki mbele. Mwalimu humwambia mwanafunzi akae, na akishakaa humwambia akae tena. Dakika chache tu, mapaja huanza kutetemeka. Hakuna hatua iliyochezwa bado.

Aliyekulia mkekani, akazoea kula chini, kuketi miguu imekunjwa na kuchuchumaa jikoni, nyonga zake zimefunguka zamani kabla hajasikia habari za chauka. Mtu mzima aliyekulia kwenye viti na madawati ya Ulaya huja na nyonga zilizokazwa, na kazi yake ya kwanza ni kuzifungua. Ndiyo sababu, nikitaka kuuona ufundi wa ngoma hii kiungo kwa kiungo, huwa namtazama mgeni. Mwenyeji ameificha nusu ya kazi katika malezi. Kwa mgeni, kila kitu kiliwekwa mahali pake kwa kukusudia.

Ileana Citaristi ni mgeni wa namna hiyo. Alizaliwa Bergamo, kaskazini mwa Italia, akasoma falsafa hadi shahada ya uzamivu, akafanya kazi ya tamthilia za jukwaani, za jadi na za majaribio, kabla ya kuifuata India. Alianzia Kerala, kusini, akijifunza Kathakali, tamthilia ya ngoma ya huko, na mwalimu wake wa huko ndiye aliyemwelekeza Odisha. Mwaka 1979 alifika mji wa Cuttack kwa mwalimu wa Odissi, Kelucharan Mohapatra, na Odisha ikawa makazi yake tangu hapo.

Inafaa kumjua mzee huyo kabla ya kuendelea, kwa sababu mkono wake umo ndani ya karibu kila kitu kitakachofuata. Kelucharan alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Raghurajpur, karibu na Puri, kijiji cha wachoraji wa pattachitra, picha zinazochorwa juu ya kitambaa kilichopakwa gundi na chokaa. Baba yake alikuwa mchoraji. Mtoto alifundishwa ngoma ya gotipua, ambayo wavulana huicheza wakiwa wamevalia kike, akakulia katika kikundi cha michezo ya mungu Krishna. Ujanani aliwahi kuwa kibarua katika mashamba ya mitambuu. Baadaye aliingia katika majumba ya maonyesho ya Cuttack, kwanza kama mpiga ngoma. Fundi aliyemfundisha Mwitaliano huyu kucheza alikuwa, kabla ya yote, mtu wa mardala, ngoma ndefu yenye tumbo pana na ngozi mbili inayolazwa magotini na kupigwa kwa mikono yote miwili. Alipofundisha, masikio yake yaliiona miguu kabla ya macho.

Somo lenyewe halihitaji vyombo vingi. Mwalimu huketi sakafuni akiwa na fimbo fupi na kibao cha mti, akagonga huku akitamka silabi za mdundo: ta ka dhi mi, ta ka dhi mi. Katika mkondo wa Kelucharan, chauka ina mfululizo wa mazoezi kumi ya hatua, na mkao wa pili, tribhangi, una mengine kumi. Kila zoezi huchezwa kwa kasi tatu: polepole, kisha mara mbili, kisha mara nne. Asiyejua hudhani kasi ya mwisho ndiyo ngumu. Kwa kweli mbio huficha makosa, na ile kasi ya kwanza huyaanika. Mguu unainuka, unakaa hewani muda mrefu kuliko unavyotaka, halafu unashuka unyayo mzima kwa mpigo mmoja. Kisigino kikitangulia na vidole vikafuata, mlio unakuwa na mkia, na mwalimu aliyefumba macho atausikia. Ndiyo maana njuga hazivaliwi mapema. Zile njuga za shaba zilizoshonwa kwenye mshipi hupaza kila kinachofanywa na mguu, pamoja na uchafu wake.

Tribhangi ndiyo iliyoipa ngoma hii sura inayotambulika hata kivulini. Mwili hupinda mahali patatu: gotini, kiunoni na shingoni. Uzito huangukia mguu mmoja, nyonga ikaenda upande huo, kifua kikaelekea upande wa pili, kichwa kikarudi. Ndivyo walivyosimama wanawake wa mawe katika hekalu la Konark, lililojengwa karne ya 13, wengine wakipiga ngoma na matoazi juu ya paa. Kati ya mkao na mkao, kinachofanya kazi ngumu kuliko vyote ni kifua. Kiwiliwili cha juu huhama kulia na kushoto peke yake, polepole, huku nyonga zimetulia juu ya miguu. Msomaji aliyezoea ngoma za pwani ashike jambo hili: hapa kiuno hakikatwi. Mgeni hukosea hapo kila siku kwa muda mrefu, kwa sababu mwili wake unajua njia mbili tu, kuyumba wote au kusimama wote. Mwalimu huweka viganja viwili kwenye nyonga za mwanafunzi, akazishika zisiende, kisha humwambia ahamishe mbavu. Mbavu zinakataa. Kesho yake zinakataa tena. Siku mbavu zinapokubali, huanza kwa upana wa kidole kimoja.

Mikono nayo ina hesabu yake. Kitabu cha Kisanskriti cha Abhinaya Darpana kinataja ishara 28 za mkono mmoja, mienendo tisa ya kichwa, minane ya macho na minne ya shingo. Pataka ni kiganja kilichonyooka, vidole vinne vimebanana na gumba limekunjwa ubavuni. Kunja kidole cha pete peke yake, vingine visitikisike, umepata tripataka. Jaribu sasa hivi utaona kidole kidogo kinavyotaka kufuata. Mrigashirsha, kichwa cha paa, hukunja vidole vitatu vya kati mbele na kuacha gumba na kidole kidogo vikisimama kama pembe. Kuzijua ishara hizi ni kazi ya wiki chache. Kuzitoa zikiwa zimekamilika wakati miguu iko kwenye kasi ya tatu, kifua kinahama na jicho linaufuata mkono, ni kazi isiyo na tarehe ya kumalizika.

Baada ya mazoezi huja vipande vyenyewe. Mpangilio wa onyesho la Odissi si wa kale sana kama unavyotangazwa. Ngoma ilikuwa imetawanyika: wanawake wa hekaluni, mahari, walikuwa na sehemu yake, wavulana wa gotipua walikuwa na nyingine, mawe ya mahekalu yalikuwa na mikao isiyojua kutembea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walimu na wasomi walikutana Cuttack katika kundi lililoitwa Jayantika, wakakubaliana juu ya mfuatano: mangalacharan ya kufungulia, batu ya mikao na midundo, pallavi ya muziki mtupu, abhinaya ya kueleza wimbo, na moksha ya kufungia. Kelucharan alikuwemo. Pallavi zake alizitunga akiwa na Bhubaneswar Mishra, mpiga fidla, na ndani yake unasikia watu wawili wakishindana kwa adabu: muziki unafungua polepole, miguu inaingia chini yake, kasi inapanda mpaka silabi na unyayo visitenganike.

Abhinaya ndiko mgeni anakopimwa kwa namna nyingine. Wimbo mara nyingi hutoka katika Gita Govinda, utenzi wa Kisanskriti wa Jayadeva wa karne ya 12, juu ya Radha na Krishna. Mwimbaji hurudia mstari uleule mara kadhaa, na kila anaporudia, mchezaji lazima alete kitu kipya. Neno ni macho. Mara ya kwanza ataonyesha ua la yungiyungi linalofunguka, mara ya pili samaki wawili wanaopitana majini, mara ya tatu paa aliyeshtuka, mara ya nne nyuki anayezunguka asitue. Mtazamaji wa Odisha wimbo anaujua. Haulizi mchezaji anasema nini, anaangalia kama anakiamini. Mgeni kwa hiyo hujifunza maneno ya Kisanskriti na Kioriya, halafu hujifunza yale ambayo maneno hayasemi: namna mwanamke anavyolivuta shela, namna anavyochota maji mtoni, anavyomsubiri mtu asiyekuja na kujifanya hamsubiri.

Waliokulia na filamu za Kihindi katika kumbi za sinema za Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wanajua nyuso zinazoeleza mapenzi. Kamera huwasaidia waigizaji wale. Inakata, inasogea, inachagua jicho. Jukwaani hakuna wa kukata. Filamu ya Kumar Shahani ya mwaka 1991, Bhavantarana, imehifadhi uchezaji wa Kelucharan akiwa mtu mzima sana, kipara, mwili mnene wa mzee. Hana sura ya Radha hata kidogo, na bado Radha anakuja, kupitia pembe ya shingo na kope zinazoshuka sehemu tu ya safari yake. Mwanafunzi anayetazama hilo huelewa kwamba uzuri wake mwenyewe hautamsaidia sana.

Kuna mlango mmoja ambao ufundi haufungui. Hekalu la Jagannath kule Puri haliwaruhusu wasio Wahindu kuingia. Kwa miaka mingi wageni walielekezwa kwenye paa la maktaba ya Raghunandan, ng'ambo ya barabara, kutazama ua kutoka juu. Mgeni anaweza kukaa chauka miaka na miaka, akalibeba umbo la Jagannath magotini na mabegani, na bado akabaki nje ya lango hilo. Sijui kama hilo ni la kulalamikia. Ninachokiona ni kwamba ngoma yenyewe ilikwisha kutoka hekaluni ikaja jukwaani, na bila hatua hiyo asingekuwapo mgeni wa kuifuata.

Citaristi hakuishia kwenye Odissi. Alijifunza pia Chhau ya Mayurbhanj kwa mwalimu Hari Nayak, ngoma yenye asili ya mazoezi ya vita, ambayo kwa jadi ilikuwa ya wanaume na katika tawi hilo huchezwa bila vinyago. Kwangu mimi, hapa ndipo utaalamu unapochekesha na kustaajabisha kwa pamoja. Mazoezi ya msingi ya Chhau yamechukuliwa katika kazi za nyumbani: kufagia ua, kusiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, kuponda viungo juu ya jiwe, kuchana nywele. Ila kazi hizo hufanywa na mguu. Mchezaji husimama kwa mguu mmoja, wa pili ukazunguka hewani ukifagia uwanja usioonekana, kisha akaukunja na kuupitisha mbele ya uso kana kwamba ni mkono wenye kitana. Bega halitikisiki. Mwaka 1985 Citaristi alitunga kazi juu ya Echo na Narcissus, kisa cha Wagiriki wa kale, akikisimulia kwa lugha ya ngoma hizi za Odisha. Haikuwa ujanja wa kuchanganya vitu ili vionekane vipya. Aliyezijua ngoma mbili kutoka kwenye nyayo alikuwa na haki ya kuzipa kisa cha Ulaya alikotoka.

Siku ya onyesho, mavazi huanza mapema, na hayo nayo ni kazi ya mikono ya watu wengine. Nyayo na vidole hupakwa alta, rangi nyekundu. Macho hupigwa wanja mzito unaovutwa kuelekea masikioni. Katikati ya paji hukaa doa jekundu, na kulizunguka huchorwa vitone vyeupe juu ya nyusi. Vito ni vya fedha, si dhahabu. Mafundi wa Cuttack huivuta fedha mpaka iwe uzi mwembamba, wakausokota na kuusuka kuwa hereni, vikuku na mshipi. Nywele hufungwa fundo kisogoni, na juu yake husimikwa tahia, taji jeupe linalochongwa kwa kiini chepesi cha mmea wa shola unaoota majini. Ncha yake inasimama mfano wa mnara wa hekalu. Sari ni ya hariri ya Odisha, ambayo nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, ndiyo maana ua lililomo halina ukingo mkali.

Wageni walioifuata njia hii hawakuanza na Citaristi. Esther Sherman, Mmarekani aliyejiita Ragini Devi, alicheza ngoma za India tangu miaka ya 1920 na akafika Kerala wakati Kathakali ilikuwa ikitafuta walinzi wapya. Binti yake, Indrani Rahman, aliifikisha Odissi katika majukwaa ya nje ya India. Milena Salvini alisoma Kathakali Kerala, akarudi Paris na kufungua kituo cha Mandapa mwaka 1975. Sharon Lowen alitoka Marekani, akajifunza Manipuri, Chhau na Odissi, akabaki Delhi. Kuna waliorudi kwao na waliobaki. Waliobaki walikutana na kazi ngumu kuliko kucheza, nayo ni kumfundisha mtoto wa mwenyeji ngoma ya babu zake.

Citaristi alianzisha taasisi yake, Art Vision, jijini Bhubaneswar mwaka 1996. Mwaka huohuo alipata tuzo ya taifa ya filamu kwa utunzi wa ngoma katika Yugant ya Aparna Sen, na mwaka 2006 Serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri. Nishani hazishiki fimbo. Mwalimu huketi palepale alipokaa mwalimu wake, akagonga kibao, mbele yake kukiwa na mstari wa wasichana waliozaliwa ndani ya lugha ambayo yeye aliingia akiwa mtu mzima.

Hapo ule ugeni hugeuka chombo cha kazi. Aliyejifunza ngoma akiwa mtoto hufundisha kwa kuonyesha, kwa sababu hakumbuki wakati ambapo hakuijua. Aliyejifunza mkubwa anakumbuka kila kizingiti. Mtoto akishindwa kufungua magoti, mwalimu wa namna hii hasemi tu fungua. Anajua goti halifunguki lenyewe, na ukililazimisha litaumia. Kinachozunguka ni paja ndani ya nyonga, na goti hufuata. Hushika paja, akalizungusha nje kidogo, akaliachia. Akisikia mlio wenye mkia katika mstari wa miguu kumi, hatafuti kwa macho. Hupunguza kasi, akamsimamisha mmoja mmoja. Husahihisha jambo moja kwa siku, hata kama anaona saba, kwa kuwa mwili unaoambiwa mambo saba hukakamaa na kuyapoteza yote. Akisimama kuwakabili, hucheza kushoto wao wakicheza kulia, naye huimba silabi, huhesabu na kuangalia viganja kwa wakati mmoja.

Halafu kuna suala la nini hasa kinachorithishwa. Mwaka 2001 Citaristi alichapisha kitabu juu ya maisha ya Kelucharan, miaka mitatu kabla mzee hajafariki mwaka 2004, na ni kazi ya mtu aliyekaa miguuni pa mwalimu akisikiliza kwa makini. Lakini utunzi wa Kelucharan haukulala kitabuni. Mzee alikuwa akizirekebisha kazi zake kadiri alivyoendelea kuzifundisha, hapa akipunguza mzunguko, pale akibadili mkono. Kwa hiyo pallavi moja ina sura zaidi ya moja, na waliojifunza kwake kwa nyakati tofauti hawakubaliani kila mara kama kiganja kipite mbele ya kifua au juu ya bega, au kama jicho litangulie au lifuate. Mwanafunzi aliyefundishwa kwingine akija na mkono tofauti, mwalimu hana budi kuamua papo hapo kama anatazama kosa au toleo la mwaka mwingine. Humwambia aucheze tena, polepole, kwa kasi ya kwanza, kisha aurudie na miguu.